Chokaa ya Kuuzia Nyumba

“Basi niambie wewe tumweke wapi,” Tryphena alisema. Brashi ilikuwa mkononi mwake, chokaa ikidondoka sakafuni. “Juu ya paa?”

“Sijasema paa. Nimesema si banda la kuni.”

“Banda la kuni lina kivuli. Kuku wa Loise wanalala humo kila siku na hakuna hata mmoja aliyelalamika.”

“Huyo ni mama yangu, Tryphena.”

“Najua ni mama yako. Anakohoa kama gari moshi linalopanda mlima, na Musyimi akikisikia kikohozi hicho atatupa bei ya kikohozi. Anakuja kuitazama nyumba leo alasiri na mke wake. Leo, Danson. Au umesahau ni nani aliyetoa arubuni ya duka la Mwatate? Ni mimi?”

Danson alipangusa tone la chokaa kwenye suruali yake. Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, hodari wa kusema “tutaona.” Arubuni aliitoa yeye mwenyewe, akiba yao yote, na mwenye duka alikuwa amekubali kungoja salio mpaka Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ikipita, duka lingekwenda kwa mtu mwingine na arubuni isingerudi. Salio lenyewe lilikuwa ni nyumba hii ya Kaloleni, nao walikuwa hawajaiuza.

“Nimesikia,” sauti ikasema kutoka chumba cha nyuma. “Kilichoharibika ni kifua. Masikio ni mazima.”

Wote wawili wakageukia mlango.

“Njoo unipake na mimi chokaa, Tryphena. Pengine nitapata bei.”

Wakesho, mama yake Danson, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuwa na haraka ya kwisha.

“Unaona?” Tryphena akamwambia mumewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, fito na udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa. Elijah, mume wa Wakesho, aliijenga alipokuwa kibarua wa reli. Udongo wake ulikanyagwa na Wakesho kwa miguu yake, mimba ya Danson tumboni. Elijah alipofariki, ofisi ya mji ilikiandika kiwanja kwa jina la mwana, kwa kuwa haikuwa na mazoea ya kumwandikia mjane. Wakesho hakuteta. Kitu kimoja tu alikitaka, na alikisema mara nyingi hata wajukuu wakakijua: afie katika chumba kile cha nyuma, alimomuuguzia mumewe.

Danson na mkewe walikuwa wamepanga vingine. Kesho lori la mboga lingerudi milimani tupu, na Wakesho angepanda humo mpaka Mghange, kwa Mwandawiro, mtoto wa ndugu yake Elijah. Mwandawiro alikuwa mtu wa pombe ya miwa. Alipoulizwa kama ana mahali pa kumweka mama yake mkubwa, alijibu kwamba zizi lina nafasi tangu auze mbuzi.

Tryphena hakupenda jibu hilo, lakini alilipokea. Watoto wanne walikuwa wanataka shule, na mshahara wa karani ulikuwa unaishia kwenye unga. Mtu hawezi kuwabeba walio mbele na walio nyuma kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akachovya brashi tena.

Kuandaa nyumba ya kuuza alikujua. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya kwa memsahibu mmoja katika shamba la mkonge, na memsahibu huyo alipouza nyumba yake ili arudi Ulaya, Tryphena aliyaona yote. Vitu vilitolewa. Kuta zikapakwa nyeupe. Madirisha yakafunguliwa upepo uingie. “Mnunuzi asikuone wewe,” memsahibu alimwambia. “Ajione yeye.” Nyumba ikauzwa siku iyo hiyo, kwa bei iliyotajwa, bila kupunguza hata senti.

“Mbebe,” Tryphena alisema. “Sasa hivi. Nina chumba kizima cha kupaka na jua halitaningoja.”

Danson akaingia chumba cha nyuma, akachuchumaa kando ya kitanda. Wakesho akajiinua kwa kiwiko.

“Unataka nini?”

“Nikubebe, Mama. Ni kwa Loise tu hapo. Mpaka wageni waondoke.”

“Na wakiondoka?”

Danson akatazama sakafu. “Tutaona.”

“Haya,” Wakesho akasema. “Nibebe.”

Alikuwa mwepesi kuliko gunia la makaa. Danson alipita naye mlango wa nyuma, akavuka uchochoro. Loise, jirani yao, mwanamke mnene aliyeuza maandazi stesheni, alikuwa ameshika kiuno mlangoni pake.

“Karani! Leo mizigo unaibeba mwenyewe? Iko wapi risiti yake?”

“Nifungulie banda, dada. Tafadhali.”

“Banda nimekubali, mkeo aliniomba. Lakini alisema anataka kuweka vitu. Hakusema kitu chenyewe kina jina.”

Hata hivyo alifungua. Akafukuza kuku, akatandika gunia juu ya kuni, na Danson akamweka mama yake hapo kama mtu anayeweka yai. Loise akatikisa kichwa, akaenda kupika uji.

Kati ya fito za banda lile mtu aliweza kuona ua wote wa nyumba ya pili. Wakesho aliegemea, akatazama.

Alimwona mkaza mwanawe akitoa kitanda, akakipindua juani miguu juu. Alimwona akitoa mkeka aliolalia Wakesho mwenyewe, akautia moto. Akamwona ametoka tena ameinama, amekumbatia kitu kizito kifuani, akaenda nacho mpaka shimo la takataka, akakitupa. Akarudi, akatupa cha pili. Akatupa na cha tatu. Yalikuwa mafiga. Wakesho hakuwahi kupika kwa jiko la makaa. Miaka yote aliinjika sufuria yake humo chumbani, kwenye mawe matatu aliyoteremka nayo kutoka milimani alipoolewa.

“Mama,” Loise akasema nyuma yake, kikombe cha uji mkononi, “unaona anachofanya yule? Ametupa mafiga, nawe u hai! Ngoja nimwite.”

“Usimwite.”

“Lakini hajui! Huyu alilelewa misheni, kisha kwa Wazungu. Mtu akiona—”

“Loise. Mwache mama watoto afanye kazi yake. Anafanya vizuri.”

Akapokea uji, akaupuliza.

Kufikia saa tisa nyumba iling’aa. Kuta zilikuwa nyeupe hadi kuumiza macho. Chumba cha nyuma, ambacho moshi ulikuwa umekifanya cheusi kama chungu, kilihitaji kupakwa mara tatu, na mahali Wakesho alipozoea kuegemeza mgongo alama ya mafuta iligoma mpaka ikakwanguliwa kwa kisu. Sakafu ilisiribwa upya yote, samadi na majivu, kutoka ukuta wa nyuma mpaka kizingiti cha mbele. Jua la Voi liliikausha upesi. Madirisha yalikuwa wazi. Tryphena akaoga, akavaa gauni la kanisani, akasimama katikati ya chumba kitupu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliipenda nyumba ile.

Musyimi alifika na mke wake, Nthambi. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi kutoka Kibwezi, mfupi, kofia kubwa, na koti ambalo hakulivua kwa sababu pesa zilikuwa ndani yake. Walikuwa wanapanga chumba kimoja karibu na soko pamoja na watoto watano, na mwenye nyumba alikuwa amechoka nao. Nthambi hakusema neno baada ya salamu. Alitazama tu.

Musyimi aligonga kuta kwa ngumi. Alitazama madebe ya paa akitafuta tundu lenye mwanga. Alikanyaga sakafu kwa kisigino.

“Bei yenu ni kali, karani,” akasema. “Kali sana. Lakini nyumba ni safi. Siwezi kukudanganya, hata nikitaka kukupunja sioni pa kuanzia.”

“Hiyo ndiyo bei, mzee,” Tryphena alisema kabla mumewe hajafungua mdomo. “Jana alikuja mtu wa Taveta, tukamrudisha.”

Hapakuwa na mtu wa Taveta.

“Haya basi,” Musyimi akasema, akaingiza mkono ndani ya koti. “Mke wangu yuko wapi?”

Nthambi alikuwa ua wa nyuma. Walimsikia akitembea, akisimama, akitembea tena. Aliporudi alikuwa amejifunika kanga kichwani. Alimwendea Tryphena, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Poleni sana, dada.”

“Pole ya nini?”

“Ya msiba. Mngetuambia. Ni lini?”

“Msiba gani? Hatuna msiba.”

Nthambi aliuachia mkono ule polepole. Akamgeukia mumewe. “Musyimi, rudisha mkono wako kwenye koti.”

“Mama, kuna nini?” Danson akauliza.

“Wewe unaniuliza mimi? Kitanda kimepinduliwa juani. Mkeka umechomwa, majivu bado yana joto. Nyumba imesiribwa yote kwa siku moja, hata kizingiti. Na mafiga yako kwenye takataka.” Alihesabu haya bila kuinua sauti. “Kwetu Ukambani mafiga hutolewa siku moja tu, mama wa nyumba akishatolewa. Na milimani kwenu ni vivyo hivyo, nimeishi jirani nanyi miaka mingi, najua. Mmemzika leo asubuhi mkapaka chokaa mchana, na mnataka watoto wangu walale humo leo usiku.”

Danson alifumba macho. Alikuwa ameyaona mafiga yale yakipita mbele yake. Alikuwa ameona, akawaza kumwambia mkewe, akasema moyoni tutaona.

Tryphena alicheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu mno. “Ni hayo tu? Dada, ni usafi! Memsahibu wangu alipouza nyumba yake alitoa vitu vyote, akapaka—”

“Mzungu akihama anakwenda Ulaya. Mafiga hana. Mama mkwe wako yuko wapi?”

“Yuko hai!”

“Yuko wapi?”

“Hapo kwa jirani! Anapumzika. Danson, nenda kamlete. Kimbia!”

Danson alikimbia. Alimkuta mama yake amekaa wima juu ya kuni, kikombe mkononi, Loise pembeni anajifunga kitambaa kama mtu anayekwenda harusini.

“Mama, wanadhani umekufa. Njoo. Nikubebe.”

“Usiniguse. Na kawaambie wasubiri, maiti inamaliza uji.”

Akaumaliza. Kisha akaja kwa miguu yake, mkono mmoja begani kwa Loise, hatua ndogondogo, akauzunguka ua mzima ili aingie kwa mlango wa mbele. Hakukohoa. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa jinsi alivyokizuia kifua. Musyimi alivua kofia. Tryphena alileta kiti mbio, akakifuta kwa gauni lake la kanisani.

“Shikamoo, Mama,” Nthambi alisema.

“Marahaba, binti yangu. Nimefurahi kuonwa. Tangu asubuhi sikuwa na hakika.”

Alikaa. Aligeuza kichwa akatazama ukuta mweupe kupitia mlango wa chumba chake.

“Mama,” Nthambi akasema, “nisamehe nikuulize. Hii nyumba ni ya mumeo. Siwezi kuingiza watoto wangu mahali ambapo mama mwenyewe amelia. Umeitoa kwa hiari? Unakwenda pema? Ukisema ndiyo, mume wangu analipa sasa hivi, bei yao yote.”

Tryphena alikuwa ameinama sikioni kwa mkwewe kabla maneno hayajaisha. Alinong’ona haraka. Wakesho alisikiliza, akiitikia kwa kichwa.

“Mkaza mwanangu ananiambia nitapata chumba Mwatate,” akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. “Chumba chenye dirisha. Danson, baba, hilo duka lina vyumba vingapi?”

Danson akainua kidole kimoja. “Kimoja, Mama. Nyuma.”

“Na watoto wako ni wangapi?”

“Wanne.”

“Basi dirisha litakuwa langu, wao watalala nje.” Akamgeukia Nthambi. “Binti yangu, kesho napandishwa lori la kabichi. Napelekwa Mghange nikalale kwenye zizi. Mbuzi wameuzwa, kwa hiyo nimeambiwa kuna nafasi. Umeniuliza kama nimetoka kwa hiari. Mimi sikutoka, nimetolewa.”

Nthambi akaanza kufunga kanga yake. “Musyimi, twende.”

“Mama, tafadhali!” Danson akasema. “Mama, arubuni itapotea!”

“Kaa chini, Nthambi,” Wakesho akasema. “Sijamaliza. Unataka nyumba au hutaki?”

“Naitaka. Lakini si kwa laana.”

“Basi inunue na mimi ndani.”

Musyimi akakohoa yeye kwa niaba ya wote. “Mama, kwa heshima, mimi ni mtu wa ngozi. Sinunui mgonjwa.”

“Sikia kwanza bei. Chumba cha nyuma kinabaki changu mpaka nife. Uji asubuhi, uji jioni. Watoto wenu nitawatazama nikiwa na nguvu, na nisipokuwa nazo watanitazama wao. Kwa usumbufu huo mtamlipa Danson nusu.”

“Nusu!” Tryphena alipiga kelele.

Musyimi alimwangalia mkewe. Nthambi alimtazama mgonjwa kuanzia miguuni mpaka usoni, wazi kabisa, kama mtu anayetazama ng’ombe mnadani.

“Kifua hiki hakifiki masika,” akamwambia mumewe.

“Kweli hakifiki,” Wakesho alisema. “Ndiyo maana mimi ni rahisi.”

“Na ukifa humu?”

“Nitakuwa nimekufa kwangu, nimewabariki kwa mdomo wangu. Utasiriba, utatoa kitanda, utatupa mafiga. Utafanya kama alivyofanya huyu, lakini kwa siku yake.”

Nthambi aliwaza. Kisha akampa mumewe ishara ndogo ya kidevu, na mkono wa Musyimi ukarudi ndani ya koti.

“Danson, kataa,” Tryphena alisema. “Kiwanja kina jina lako. Kataa, tutapata mwingine.”

“Nani?” Loise aliuliza kutoka mlangoni. Nyuma yake wanawake watatu wa uchochoroni walikuwa wameshakusanyika. “Nani mwingine? Kufikia saa moja Kaloleni nzima itajua mama wa watu ametupiwa mafiga akiwa hai. Labda umuuzie huyo mtu wa Taveta.”

Mmoja wa wanawake wale akacheka. Tryphena aligeuka akawatazama, mmoja mmoja, na akaona ni kweli. Hakulia. Aliwaza Jumamosi, akawaza arubuni, akawaza kwamba nusu pamoja na mkopo kwa kaka yake huenda ikatosha kumshawishi mwenye duka angoje mwezi mmoja zaidi. Huenda isitoshe.

“Pokea,” akamwambia mumewe. “Nusu si sifuri.”

Danson alipokea. Hakuzihesabu. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, pesa bado mkononi.

“Mama, nisamehe. Nitakuwa nikija kila Jumapili. Na siku Mungu atakapokuita, nakuapia, nitakuzika vizuri. Jeneza, mchungaji, kila kitu.”

“Hutanizika wewe.”

“Mama?”

“Musyimi,” Wakesho alisema juu ya kichwa cha mwanawe, “utanizika?”

Mfanyabiashara wa ngozi alitazama kofia yake. Hilo halikuwa katika mapatano. “Nitakuzika, Mama,” akasema.

“Mbele ya hawa wanawake?”

“Wamesikia.”

Danson alimshika mama yake magoti. Mwana aliyezuiwa kaburini kwa mama yake hana pa kukaa tena, si Voi, si Mghange, si kanisani. Watu watamtajia jambo hilo kwenye kila msiba mpaka azeeke. “Mama, usiseme hivyo. Mimi ndiye mwanao. Mimi peke yangu.”

“Umenibeba leo mgongoni, Danson. Mtoto wa kiume humbeba mama yake mara moja tu, akimtoa nyumbani kumpeleka kaburini. Zamu yako umeshaitumia. Ulichagua siku mwenyewe.”

“Mama!”

“Ondokeni.”

“Sasa hivi?” Tryphena aliuliza. “Vitu vyetu bado viko hapa. Kesho asubuhi tuta—”

“Vitu vyenu vitatolewa na Loise, atawawekea uchochoroni. Mnachosubiri ni nini? Mmelipwa. Nyumba si yenu, nami si wenu. Inukeni.”

Tryphena ndiye aliyeinuka kwanza. Alimshika mumewe kwapani, akamsimamisha kama anavyosimamishwa mlevi, akampitisha mlangoni kati ya wanawake, ambao walisogea upande kwa upande bila kuwagusa. Danson aligeuka mara moja kwenye vumbi jekundu la njia, mdomo wazi.

Wakesho alikuwa ameshafika mlangoni, kashika ukuta wenye chokaa kwa kiganja. Hakumtazama. Alimwambia Nthambi asogeze kiti kisizuie, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafika mwisho, akatia komeo.